Mikono inayotetemeka: chakula, sumu ya shamba na ugonjwa wa Parkinson



Katika mukutano mumoja hapa Kakanda, kisha mazungumuzo juu ya bei ya mbolea, mama mumoja alibaki nyuma. Mukononi alikuwa na kopo ya plastiki, ndani yake tembe za rangi ya manjano. Akatuambia: "Muzee wangu mukono wa kuume unatetemeka, hii ni mwaka ya pili. Akitembea anaburuza muguu. Banasema alilogwa. Mutu mwingine akatuuzishia hii dawa, akasema ni vitamini ya ubongo, itamaliza ugonjwa. Tuliuzisha mbuzi mbili. Kopo imeisha mara tatu, mukono uko paka vile."

Akatuuliza: kuko chakula ao dawa ya shamba inayoweza kumusaidia? Na watoto wake, wanaweza kula nini ili wasipate ugonjwa ule?

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulienda kuuliza waganga na kusoma. Somo hili ni jibu letu kwa yule mama, na kwa kila mumoja wenu aliye na muzee anayetetemeka nyumbani. Mulisome pamoja katika kikundi, pole pole. Mwishoni kuko maswali ya kuzungumuza.

1. Ugonjwa wenyewe uko namna gani?

Ugonjwa huu unaitwa Parkinson kwa jina la munganga wa London, James Parkinson, aliyeandika kitabu kidogo juu yake katika mwaka wa 1817. Watu wengi wanafikiri ni ugonjwa wa Wazungu. Hapana. Katika wilaya ya Hai, kule Tanzania, chini ya mulima Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika watu 161,071 wakakuta wagonjwa 33. Hesabu hiyo ilitangazwa mwaka wa 2008. Karibu watatu katika kila wanne walikuwa hawajaambiwa na munganga hata mumoja kwamba wako na ugonjwa ule. Wengine walizani ni uzee tu, wengine walizani ni ulozi. Ni sawa na kwetu.

Alama zake ni hizi:

- Mukono unatetemeka wakati umepumuzika juu ya goti, na mara nyingi unapunguza kutetemeka mutu akishika kitu. Kwa kawaida unaanza upande mumoja.
- Mwili unakuwa muzito na mugumu. Kufunga vifungo vya shati kunachukua muda murefu.
- Hatua zinakuwa fupi, muguu unaburuzika, mukono mumoja hauchezi wakati wa kutembea.
- Sauti inakuwa ya chini, uso hauonyeshi furaha wala kasirani, maandishi yanakuwa madogo madogo.

Kuko pia alama zinazokuja mbele, wakati mwingine miaka mingi mbele ya kutetemeka: choo kigumu, pua kupoteza harufu, na mutu kupiga mateke ao kupiga kelele katika usingizi. Lakini muwe na akili hapa: si kila anayetetemeka iko na Parkinson. Pombe, woga, ugonjwa wa tezi ya shingo na hata dawa fulani za lopitali vinaweza kutetemesha mukono. Na si kila mwenye choo kigumu ni mugonjwa wa Parkinson. Kazi ya kupima ni ya munganga.

2. Kitu gani kimepunguka katika ubongo?

Ndani kabisa ya ubongo kuko seli zinazotengeneza kitu kinachoitwa dopamini. Dopamini ndiyo inapeleka amri ya kutembea na kushika vizuri, bila kukwama. Katika Parkinson, seli hizo zinakufa pole pole. Wakati mukono unaanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli zile imekwisha kufa. Juu ya hiyo, kinga yoyote inapaswa kuanza zamani, mutu angali na nguvu.

Mwili unatengeneza dopamini kutoka kipande cha protini kinachoitwa tirozini. Tirozini tuko nayo katika maharagi, kalanga, samaki, mayai na nyama. Seli zinageuza tirozini kuwa levodopa, kisha zinageuza levodopa kuwa dopamini. Mutu anaweza kusema: basi tumupe muzee maharagi mengi, dopamini itaongezeka! Hapana. Muwaze kinu cha kusaga: mahindi iko mingi mulangoni, lakini wasagaji wamekufa. Ukileta mifuko mingine ya mahindi, unga hautaongezeka.

Juu ya nini basi hawatoi dopamini yenyewe kama dawa? Munajua bariere ya Kasumbalesa: kamyo isiyo na karatasi haipiti. Ubongo nao uko na bariere yake. Dopamini ikiwa katika damu haipiti. Levodopa inapita, na ikiwa ndani inageuka kuwa dopamini. Ndiyo maana dawa kubwa ya Parkinson mpaka leo ni levodopa. Tutairudilia.

3. Chakula kinaweza kweli kulinda mishipa ya fahamu? Mufano wa konzo

Mbele ya kuzungumuza juu ya kahawa na pilipili, tutazame ugonjwa mwingine wa inchi yetu, unaoonyesha vizuri namna sahani inaguza mishipa ya fahamu. Konzo haiko Parkinson. Inashika miguu kwa gafula, mara moja, na haiponi. Lakini somo lake ni kubwa.

Munganga Trolli aliandika juu ya konzo mwaka wa 1938, kule Kwango. Jina lenyewe ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Inapata zaidi wanawake na watoto, wakati wa njaa, ukame ao vita, wakati watu wanakula muhogo muchungu usiolowekwa siku za kutosha. Muhogo ule uko na sumu ya sianidi. Mwili uko na njia ya kuizimisha: unaifunga na salfa, kisha inatoka kwa mukojo. Salfa hiyo inatoka katika protini: maharagi, samaki, mayai, nyama. Mutu anayekula muhogo peke yake siku kwa siku anapata sumu nyingi na salfa kidogo. Hapo ndipo miguu inafungwa.

Katika kijiji cha Kay Kalenge, eneo la Popokabaka, wanawake walifundishwa kulowanisha unga. Inafanywa hivi: weka unga katika beseni, tia alama ya kimo chake ndani ya beseni, ongeza maji ukikoroga mpaka unga unapanda tena kwenye alama ile. Uutandike juu ya mukeka, unene wake usipite santimetre 1. Uache saa 2 juani ao saa 5 kivulini. Sumu inatoka kama hewa. Upike bukari siku ileile. Kisha kazi hiyo, iliyofanywa karibu mwaka wa 2010 na 2011, konzo mupya haikuonekana tena pale katika muda wa kazi ile.

Mama za konzo walifanya mambo mawili: waliondoa sumu, na chakula chenye protini kinasaidia mwili kuzimisha ile iliyobaki. Tushike mambo hayo mawili, kuondoa sumu na kuongeza chakula kizuri. Ndiyo njia tutakayofuata kwa Parkinson, ijapokuwa kwa Parkinson hatuna uhakika kama ule wa konzo.

4. Vyakula vinavyosemwa vinalinda

*Kahawa.* Hapa ndipo kuko habari yenye nguvu zaidi. Kule Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, waganga walifuata wanaume 8,004 kwa miaka kama 30. Watu 102 kati yao walipata Parkinson. Waliokuwa hawanywi kahawa hata kidogo walipata ugonjwa karibu mara tano zaidi ya wale waliokunywa nyingi. Habari hiyo ilitangazwa mwaka wa 2000, na masomo ya inchi nyingine yakaelekea upande ule ule. Inazaniwa kwamba kazi inafanywa na kafeini. Chai nyeusi nayo iko na kafeini, ijapokuwa kidogo kuliko kahawa.

*Pilipili na ndugu zake.* Katika jimbo la Washington, kule Marekani, somo la mwaka wa 2013 liliona kwamba watu waliokula pilipili kubwa mara nyingi walikuwa na Parkinson kidogo. Pilipili, nyanya na viazi ni ukoo mumoja na tumbaku, na viko na nikotini kidogo sana ndani. Mutu asidanganyike kuvuta sigara juu ya hiyo. Sigara inaua kwa njia nyingine nyingi. Pilipili ya sombe inatosha.

*Mboga, maharagi, matunda na samaki.* Watu wanaokula hivi kwa miaka mingi, na mafuta ya mimea na ya samaki kuliko mafuta mazito ya nyama, wanaonekana kuwa na hatari kidogo. Kwetu ni lengalenga, sombe, matembele, maharagi, kalanga, kapenta, maembe, mapapai. Vyakula hivi si vigeni, na vingi mumevipanda wenyewe.

Muangalie neno tunalotumia: *wanaonekana*. Masomo haya yanafuata watu na kuhesabu. Hayahakikishi kwamba kahawa ndiyo ilizuia ugonjwa. Inawezekana pia kwamba ugonjwa unapoanza kimya kimya, mutu anapoteza hamu ya kahawa. Basi mutu asiuzishe mahindi ya watoto ili anunue kahawa.

5. Na zile tembe za kopo?

Hapa tunarudi kwa mama wa mbuzi mbili. Watafiti walifikiri kama yule muuzishaji: kama kitu fulani cha chakula kinalinda, tukitoe, tukifanye tembe, tuwape wagonjwa kwa wingi. Walijaribu kwa uaminifu, na matokeo ni haya:

- Vitamini E, katika wagonjwa 800 kule Amerika, ikatangazwa mwaka wa 1993: haikusimamisha ugonjwa.
- Kitu kinachoitwa koenzime Q10, katika wagonjwa 600, ikatangazwa mwaka wa 2014: haikusaidia.
- Kafeini ya tembe, katika wagonjwa 121, ikatangazwa mwaka wa 2017: haikupunguza kutetemeka wala ugumu wa mwili.
- Inosini, dawa inayopandisha asidi yuriki katika damu. Watu wenye asidi yuriki nyingi wanaonekana kupata Parkinson kidogo, kwa hiyo matumaini yalikuwa makubwa. Ilipewa kwa wagonjwa 298 pamoja na tembe tupu ya kulinganisha. Kazi ilisimamishwa mbele ya wakati juu haikuwa na faida, na wengine walipata mawe katika mafigo.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mutu akija sokoni na kopo akisema "hii inamaliza Parkinson", mujue kwamba dunia nzima haijapata tembe ya kuimaliza. Hata levodopa inapunguza alama tu, haiponyeshi. Feza ya mbuzi mbili ingelipa safari ya Likasi na kuonana na munganga.

6. Mukuna: muzuri kwa udongo, mubaya kwa sufuria

Wengi wenu muko na mukuna shambani. Tuliipanda pamoja ili ifunike udongo, iue nyasi mbaya na kurudisha nguvu ya shamba la mahindi. Lakini kuko habari inayotembea kwamba mbegu ya mukuna ni dawa ya kutetemeka. Habari hiyo iko na ukweli ndani, ndiyo maana inafaa kueleza vizuri.

Mbegu ya mukuna iko na levodopa kweli. Watalaamu wa India waliitoa ndani ya mbegu hiyo mwaka wa 1937. Mbele yao, mwaka wa 1913, mutalaamu mumoja wa Uswisi, Marcus Guggenheim, aliitoa ndani ya maharagi makubwa ya Ulaya. Akameza gramu 2 na nusu ili aone itafanya nini. Alitapika sana. Ilipita miaka zaidi ya 50 mpaka George Cotzias, kule Marekani, akaonyesha mwaka wa 1967 kwamba levodopa ikipandishwa pole pole inaamusha wagonjwa wa Parkinson.

Waganga wa London walijaribu unga wa mukuna kwa wagonjwa 8 mwaka wa 2004, na wengine walijaribu kule Bolivia kwa wagonjwa 18, habari ikatangazwa mwaka wa 2017. Unga ulifanya kazi kweli, karibu kama tembe za lopitali. Lakini walipojaribu kuutoa kila siku kwa wagonjwa 14, nusu yao, watu 7, waliacha mbele ya mwisho: wanne juu ya tumbo, watatu juu mwili ulizidi kuwa mubaya. Na hawa walikuwa mukononi mwa waganga, na unga uliopimwa kwa mizani.

Nyumbani hakuna anayejua levodopa ngapi iko katika kijiko. Mbegu za shamba moja hazilingani na za shamba lingine. Tusisahau Nampula, kule Msumbiji. Mwaka wa 1989, wakati wa njaa na vita, watu walikula mbegu za mukuna bila maji ya kutosha ya kuzichemusha na kumwaga mara nyingi. Watu zaidi ya 200 walivurugika akili, wakaona vitu visivyokuwapo.

Shauri letu ni hili: mukuna ibaki shambani. Musiipike, musimusagie muzee. Na kama muzee anakwisha kutumia unga wake, asifiche. Amwambie munganga, juu unga ule pamoja na tembe ni levodopa mara mbili.

7. Sumu: pale tuko na nguvu zaidi

Chakula hatuna uhakika nacho kabisa. Sumu tuna sababu kubwa za kuiogopa.

Mwaka wa 1982, kule California, vijana waliojidunga dawa ya kulevya iliyotengenezwa vibaya walikauka mwili kwa siku chache, kama wazee wa Parkinson. Katika dawa ile mulikuwa kitu kinachoitwa MPTP. Ndani ya mwili kinageuka kuwa sumu nyingine, na sumu ile inazimisha jiko dogo la seli, mitokondria, pale seli inapata nguvu. Hapo watalaamu walijua: kuko sumu zinazochagua seli za dopamini. Wakaanza kutafuta nyingine.

*Parakwati.* Ni dawa ya kuua majani, na umbo lake linafanana na sumu ile ya California. Mwaka wa 2011, somo la walimaji na wapulizaji wa dawa kule Marekani lilionyesha kwamba waliotumia parakwati ao rotenoni walikuwa na Parkinson kama mara mbili na nusu zaidi. Umoja wa Ulaya ulikataza parakwati mwaka wa 2007. Tena, mumezo mumoja wa parakwati unaweza kuua mutu, na hakuna dawa ya kuizimisha.

Kuko habari njema pia. Katika walimaji hao hao, wale waliovaa glavu karibu kila mara hawakuonekana na hatari ile ya parakwati. Hatari ilionekana kwa wale wasiovaa. Jozi moja ya magan ya kauchu ni bei ndogo kuliko kopo ya vitamini.

*Utupa.* Rotenoni haitoki kiwandani peke yake. Iko katika utupa, ule mumea ambao watu wanaponda majani yake na kuyatupa mutoni ili samaki walewe. Wengine wanautumia kuua wadudu wa mboga, na tunasikia wakisema: "Hii ni ya asili, haina ubaya." Rotenoni nayo inazimisha jiko la seli. Mwaka wa 2000 watafiti walionyesha kwamba panya waliopewa rotenoni muda murefu walipata alama za Parkinson. Hatusemi mung'oe utupa wote. Tunasema: muuheshimu kama dawa ya duka. Vaeni glavu, fungeni pua wakati wa kuponda, musiuweke katika maji ya watu.

*Mustafeli.* Tunda lake, ambalo kwa Kifaransa ni korosoli, ni tamu. Lakini katika kisiwa cha Guadeloupe, waganga waliona tangu mwaka wa 1999 ugonjwa unaofanana na Parkinson, usiosikia levodopa vizuri, kwa watu waliokula tunda hilo sana na kunywa chai ya majani yake. Ndani kuko kitu, anonasini, kinachozimisha jiko lile lile la seli. Kula tunda mara moja moja si sababu ya woga. Kunywa maji ya majani yake kila siku kama dawa, tunawashauri muache.

*Vumbi la madini.* Hapa Kakanda hatuwezi kunyamaza juu ya vumbi. Yule Cotzias wa levodopa alikuwa amefanya kazi na wachimbaji wa manganizi kule Chile. Wachimbaji waliovuta vumbi la manganizi walikuwa wagumu mwili na kutembea vibaya, ugonjwa unaofanana na Parkinson bila kuwa yenyewe. Huku kwetu kazi kubwa ni shaba na kobalti. Somo la Universite ya Lubumbashi na Universite ya Leuven, lililotangazwa mwaka wa 2009, lilikuta madini mengi, zaidi kobalti, katika mukojo wa watu wanaoishi karibu na machimbo. Somo lile halikuwa juu ya Parkinson. Lakini linatuonyesha kwamba vumbi haliishii barabarani, linaingia mwilini. Basi tuoshe lengalenga kwa maji safi mara mbili, tusianike muhogo kando ya barabara ya makamyo, na anayetoka machimboni abadilishe nguo mbele ya kushika mutoto ao chakula.

8. Mutu akiwa mugonjwa tayari

Levodopa, pamoja na mwenzake karbidopa anayeilinda njiani mpaka kwenye ubongo, iko katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya la Dunia. Munganga ndiye anaiandika. Mbele ya yote, mambo haya ya chakula yatasaidia tembe ifanye kazi:

- Tembe na sahani ya maharagi, nyama ao samaki vinasukumana kwenye mulango mumoja. Mugonjwa ameze tembe nusu saa ao saa moja mbele ya chakula. Tembe ikimuletea kichefuchefu, ale kipande kidogo cha muhogo ao kiazi pamoja nayo.
- Protini asiache, juu atakonda. Kama munganga anaona tembe ya muchana haifanyi kazi vizuri, anaweza kumushauri ale protini nyingi zaidi mangaribi.
- Tembe za chuma zinafunga levodopa. Zimezwe saa nyingine.
- Choo kigumu kinachelewesha dawa. Maji ya kutosha, mboga za majani, papai na maharagi vinasaidia.
- Asiache dawa kwa gafula, hata siku akijisikia muzuri. Ni hatari.
- Atembee kila siku, alime kidogo, acheze ngoma kanisani. Mazoezi ya mwili yanasaidia kweli. Munyooshe njia ya choo na kuondoa mawe, juu kuanguka ndiko kunavunja wazee.

Muzee wa mama yule alipelekwa Likasi. Kikundi kilichanga feza ya njia. Munganga alimupima, akamwanzisha tembe. Tulipomuona tena, alikuwa anafunga vifungo vya shati yeye mwenyewe, na mukono ulikuwa umetulia kidogo. Muguu bado anauburuza. Feza ya dawa inabaki muzigo kila mwezi, na familia inajua itakuwa hivyo miaka yote. Lakini neno la ulozi halisikiki tena katika lupango lao, na mujukuu wake anamusindikiza shambani asubui.

Mambo ya kukumbuka

1. Hakuna chakula, tembe ya kopo wala mbegu inayoponyesha Parkinson.
2. Kahawa ao chai, pilipili, mboga, maharagi na samaki vinaweza kusaidia kulinda, na havidhuru wengi wetu.
3. Glavu, nguo safi na maji ya kunawa ni kinga tunayoweza kuanza kesho.
4. Mukuna ni ya udongo. Utupa ni sumu hata kama unaota wenyewe.
5. Mwenye kutetemeka apelekwe kwa munganga mbele ya kwenda kwa muuzishaji ao kumutafuta mulozi.

Maswali ya kuzungumuza katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, nani anapuliza dawa ya majani? Anavaa nini mikononi? Bidoni tupu zinaenda wapi?
2. Kuko muzee tunayemuita mulevi, muvivu ao aliyelogwa, na labda ni mugonjwa? Nani atamusindikiza kwenye kituo cha afya?
3. Koperative yetu inaweza kununua jozi ngapi za glavu kwa feza ya gunia moja la mahindi?
4. Nyumbani kwetu, protini inaingia katika bukari siku ngapi kwa juma?

Muandike majibu yenu katika daftari la kikundi. Tutayasoma pamoja katika mukutano unaokuja.